Ugumu wa kujifunza siyo uzito wa kichwa

Nenda kikao chochote cha wazazi, Mbeya hadi Njombe, utalisikia: "Huyu wangu mzito, mwalimu." Siku hizi wapo pia waliookota neno disleksia, wanalibandika kwa kila aliyefeli mtihani.

Ugumu wa kujifunza ni pale mtoto mwenye akili zake, anayeona na kusikia vizuri (hayo yapimwe kwanza), anayefundishwa kama wenzake, anapokwama kwenye jambo mahususi: kusoma, kuandika au hesabu. Disleksia ni ule wa kusoma.

Linaloniudhi ni hilo la "mzito". Ukisema mzito umemhukumu mtoto mzima, kumbe kinachomshinda ni kimoja. Mtazame kijana anayeuza ndizi barabarani pale Kiwira: unampa noti ya elfu kumi, chenji yako anayo mkononi hata hujamaliza kuchagua. Mpe kitabu sasa. "Baba analima" inakuwa "dada analima", na darasa zima linaangua kicheko. Wadogo wote huchanganya b na d mwanzoni. Wa kuangaliwa ni yule ambaye darasa la tatu, la nne, bado zinampiga chenga. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 asiyeweza kusoma, ambaye mwalimu wake alisema angewapita wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Akina huyo tunao.

Tena Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo wetu wengine herufi wanazipata, ila polepole mno, silabi kwa silabi, hata wakifika nukta mwanzo wa sentensi umeshawatoka. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani anaona uvivu. Na anayechanganya "karamu" na "kalamu" kwa sababu nyumbani wanaongea Kinyakyusa au Kihehe, huyo msimhesabu kuwa na disleksia. Ni lafudhi tu imeingia kwenye daftari.

Watu huuliza, kujiamini kwa mtoto aliyekwama kutarudije? Kumwambia "wewe unaweza" wakati daftari limejaa wino mwekundu hakusaidii, anajua unamdanganya. Kunarudi akimaliza kitu kwa juhudi zake, wenzake wakiona. Mwalimu amwonyeshe leo aya atakayosoma kesho, asimsimamishe ghafla. Jioni aisome na dada yake mara tatu, nne, kidole chini ya mstari. Akiweza hiyo, ya wiki ijayo iwe ndefu kidogo. Na matokeo yasisomwe kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, maana wa mwisho anajulikana tangu Januari.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kikao kijacho jaribu kusema hivi: "Mwalimu, wangu hesabu yuko sawa, kusoma ndiko anakokwama, hasa maneno marefu." Mwalimu atapata pa kuanzia.