Msumeno wa Reli: Vifaa vya Kununua Kwanza na vya Kusubiri

Fundi akishaanza kupata kazi za kabati za jikoni na za nguo, msumeno wa mviringo wa kushika kwa mkono humchosha haraka. Bodi ya futi nane kwa nne ni nzito, na mashine ya mezani inataka nafasi na msaidizi. Ndipo anaponunua msumeno wa reli, yaani msumeno wa mviringo unaoteleza juu ya reli iliyonyooka inayolazwa juu ya bodi, na hapohapo muuzaji anamwonyesha vifaa vya ziada vinavyoweza kugharimu kuliko mashine yenyewe. Swali tunaloulizwa sana karakanani ni hili: nianze na kipi? Anza na bledi, kisha reli.

Misumeno mingi ya aina hii huchukua bledi ya milimita 160 au 165. Kwa plaiwudi, MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na bodi zilizofunikwa melamini tafuta yenye meno 48 au zaidi. Ukipasua mninga kwa kufuata nyuzi, meno machache ndiyo yanayofaa, kati ya 12 na 28, maana meno mengi hushindwa kutoa unga, na mti huungua. Shusha bledi ipite chini ya bodi kwa milimita tano hivi, na uweke bodi chakavu chini yake.

Reli inataka maelezo zaidi. Bodi ina urefu wa milimita 2440, na msumeno unapaswa kukaa sawasawa juu ya reli kabla haujaingia kwenye bodi na baada ya kutoka. Kwa hiyo reli ya milimita 1400 haitoshi kwa mkato wa urefu. Unahitaji ya 2700 au 3000. Reli ya mita tatu, lakini, utaibeba na bajaji gani? Mafundi wengi huunga mbili za 1400 kwa vyuma vya kuungia, na ni sawa, mradi uegemeze rula ndefu iliyonyooka kwenye maungio kabla ya kukaza skrubu. Usikaze kwa nguvu nyingi, reli itapinda. Pia uliza kama reli inaingiliana na mashine yako: msumeno wa Makita hukaa kwenye reli ya Festool, na wa Festool kwenye ya Makita, ila DeWalt ina reli yake.

Pembeni mwa reli kuna ukanda wa mpira au plastiki. Ukiwa mpya hutokeza kidogo, na mkato wa kwanza unaupunguza mpaka ukingo wake ulingane kabisa na njia ya bledi. Tangu hapo unaweka ukanda juu ya alama ya penseli na kukata, bila hesabu yoyote. Pia hukandamiza uso wa bodi ili melamini isimeguke. Sasa mtu akifunga bledi nyembamba zaidi, au akiazima msumeno wa jirani, ukingo ule haulingani tena, naye anailaumu tepu ya kupimia. Ukanda huuzwa peke yake na si ghali, ubadilishe.

Nunua klampu mbili zinazoingia kwenye mfereji wa chini wa reli. Raba za chini hushika vizuri, lakini juu ya vumbi la MDF huteleza.

Skwea ya kufunga kwenye reli, inayoiweka kwenye pembe mraba, ni nzuri ikiwa pembe yake ni sahihi. Ikikosea milimita moja katika 600, ubavu wa kabati wa 2400 utakuwa nje kwa milimita nne, na milango haitafunga vizuri. Pima mishazari yote miwili ya kipande ulichokata. Kwa bodi nzima yenye kona za pembe mraba kila moja ni milimita 2728 hivi.

Vipimio sambamba vya kukatia vipande vingi vya upana mmoja vinaweza kusubiri. Vijiti viwili vya plaiwudi vilivyokatwa kwa urefu sawa vinafanya kazi ileile.

Bomba la kunyonya vumbi lisisubiri. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, kwa hiyo vaa na barakoa ya N95 au FFP2. Bomba lenyewe lipitishe begani, kwa sababu likinasa kwenye ncha ya reli katikati ya mkato, msumeno husimama na bledi huacha alama ya kuungua kwenye ukingo.