Ngazi za Zege Mlangoni: Chunguza Chini Kabla ya Kuziba Ufa

Katika nyumba nyingi za Moshi, hasa zilizo kwenye miteremko, ngazi za kuingilia hujengwa mwishoni kabisa, fedha zikiwa zimepungua na fundi akiwa ameshaitwa kazi nyingine. Ndiyo maana huwa za kwanza kupasuka. Mwenye nyumba huziba ufa kwa plasta kabla ya Krismasi, wageni wakisubiriwa, na masika ya Machi hadi Mei yakipita ufa huwa umerudi palepale.

Mara nyingi chanzo ni kifusi kilichojazwa bila kushindiliwa. Maji yanayomwagika kutoka kwenye bati hupenya chini, kifusi hushuka, na zege hubaki limening'inia juu ya uwazi. Kwa hiyo anayejenga upya aondoe udongo wenye mizizi mpaka afikie ardhi ngumu, kisha ajaze kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka likilowanishwa kidogo na kushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ni heri kuuondoa kuliko kuufunika.

Vidato vyote viwe na kimo kimoja, kwa kuwa mguu huzoea kimo cha kidato cha kwanza na hujikwaa panapobadilika. Kibaraza chenye kimo cha sentimita 64 kinagawanyika vizuri katika vimo vinne vya sentimita 16, na sehemu ya kukanyagia iwe na upana wa sentimita 30 hivi. Pima kutoka usawa wa sakafu iliyokamilika: vigae vikiwekwa kibarazani baadaye bila kuwekwa kwenye ngazi, kimo cha mwisho huongezeka kwa sentimita mbili au zaidi.

Zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne linatosha, ilimradi fundi asiongeze maji ili koleo liwe jepesi, maana maji ya ziada hudhoofisha zege. Kila sehemu ya kukanyagia iinamishwe kidogo kuelekea nje ili maji yasituame, na uso wake ufagiliwe kwa brashi zege likiwa bado bichi. Niru, yaani saruji ya juu iliyolainishwa mpaka ing'ae, husifiwa sana na wenye nyumba, lakini mvua ikinyesha huteleza vibaya. Baada ya hapo ngazi zifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa kwa siku zisizopungua 7.

Kwa ukarabati, gonga kila kidato kwa nyundo ndogo; panapotoa sauti ya uwazi, plasta imeachana na zege. Pachongwe kwa tindo mpaka kufikia zege gumu, kingo zikatwe wima badala ya kuachwa nyembamba, na nondo ikionekana isuguliwe kutu pande zote. Osha vumbi, lowanisha bila kuacha maji yaliyotuama, paka uji wa saruji, kisha jaza mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga mitatu kabla uji huo haujakauka.

Ikiwa ngazi zimeachana na ukuta, chora alama za penseli pande mbili za ufa na upime umbali kati yake kabla na baada ya mvua. Umbali ukiongezeka, usinunue saruji ya kuziba: elekeza kwanza maji ya paa mbali na hapo, kisha ngazi zivunjwe na kujengwa upya juu ya ardhi ngumu.