Mpagazi asiyepanda mlima: kazi ya kuosha vyombo kwenye jiko la hoteli

Ukimwambia mtu wa Moshi kwamba umepata kazi ya upota, swali lake la kwanza litakuwa la geti la Kilimanjaro: Marangu, Machame au Londorosi? Kwetu huku pota ni mpagazi wa mlima, basi. Lakini kwenye matangazo ya kazi za hoteli yupo pota mwingine, pota wa jikoni, na huyu hapandi popote. Anaosha vyombo, anasugua masufuria, anapiga deki, anatoa taka, anashusha magunia ya viazi na kuyaingiza stoo. Vitunguu vikihitajika haraka, anamenya yeye. Hoteli nyingine zinamwita stuwadi. Mtaani anaitwa muosha vyombo, na mara nyingi jina hilo hutamkwa kwa sauti ya kumhurumia.

Nafundisha usafi wa jiko na usalama wa chakula katika chuo kimoja cha hoteli hapa Arusha, na kabla ya kufundisha niliosha vyombo miaka mitatu. Kila mwaka masika yakielekea ukingoni, hoteli na kambi zikijiandaa kupokea wageni wa Juni hadi Oktoba, vijana hunijia na tangazo kwenye simu. Mwaka jana binti mmoja wa Ngaramtoni aliniuliza, "Mwalimu, hii si kazi ya mtu yeyote tu?"

Nikamwambia twende sinki. Kulikuwa na sufuria mbili za mafunzo ya asubuhi: moja ya alumini iliyounguliwa na pilau, nyingine ya stenlesi iliyopikiwa uji wa maziwa. Akafanya kama afanyavyo nyumbani: akazimwagia zote maji ya moto, akatia magadi, akashika waya wa kusugulia. Baada ya nusu saa sufuria ya alumini ilikuwa imeingia weusi ambao haukuwepo, na maziwa yalikuwa yamenata kwenye stenlesi kama gundi.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Maziwa na mayai hulowekwa kwanza kwenye maji baridi, kwa sababu joto huyagandisha yakashika chuma. Ukoko wa wali, ugali au mtori unataka maji ya uvuguvugu yenye sabuni, halafu uuache ulainike huku unaendelea na vyombo vingine. Magadi yanafaa kwa stenlesi iliyoungua, ila alumini huitia weusi. Alumini inataka ndimu au ukwaju. Anayeyajua haya anamaliza kwa dakika kumi kazi ambayo mwingine anaipigania saa nzima, na sufuria za hoteli zinadumu. Hapana, si kazi ya mtu yeyote tu.

Jambo ninalotaka kila anayeanza kazi hii alishike ni kwamba kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili. Sahani inaweza kung'aa ukauona uso wako humo, na bado ikawa na vijidudu vya kumlaza mtu kitandani. Ndiyo maana jiko lililopangwa vizuri lina masinki matatu. Kwanza unakwangua makombo yote. Sinki la kwanza ni la maji ya moto, yasiyopungua nyuzi 43, yenye sabuni. La pili ni la kusuuza. La tatu ndilo la kuua vijidudu, na hapo una njia mbili: maji ya nyuzi 77 au zaidi, chombo kikae humo angalau sekunde 30, au maji ya klorini. Kwenye mashine ya kuoshea, maji ya kusuuza mwisho yanapaswa kufika nyuzi 82.

Niseme kidogo kuhusu maji ya moto, maana huku kwetu yana mambo yake. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemkia nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi iko chini zaidi, ni kama 97. Joto hilo linatosha kabisa kwa sinki la tatu. Kinachotuangusha ni muda. Maji yalichemshwa saa kumi na mbili jioni, yakamwagwa sinkini, na saa mbili usiku bado watu wanachovya uma humo wakidhani wanaua vijidudu. Kwa baridi ya Julai ya Arusha, maji hayo yameshakuwa ya kuogea. Mwenye hoteli, nunua kipimajoto. Muosha vyombo, kitumie kila nusu saa, na maji yakipoa yamwage.

Anayetumia klorini apime, asikadirie kwa harufu. Dawa ya dukani ya kung'arishia nguo nyeupe, ikiwa na klorini asilimia 3.5, inatosha vijiko viwili vikubwa vya mezani kwa lita 10 za maji. Maji yawe ya kawaida, kwa sababu ya moto huifukuza klorini hewani. Chombo kikae dakika moja kamili. Mabaki ya chakula na povu la sabuni huimaliza nguvu klorini, ndiyo sababu hatua ya kukwangua na ya kusuuza hazirukwi hata siku ya harusi. Kisha vyombo vikaushwe kwa hewa, vikiwa vimeinamishwa kwenye kichanja. Kile kitambaa kimoja kilichofuta sahani mia mbili, jikoni hakuna kitu kichafu kama hicho.

Kwa nini nasisitiza hivi? Fikiria mgeni aliyefika Moshi leo na kesho anaanza kupanda. Amekula chakula cha jioni kwa uma ambao haukuoshwa sawasawa. Tumbo halimkamati mezani. Linamkamata njiani, siku moja au mbili baadaye, akiwa mahali ambapo mwili tayari unapoteza maji kwa kuhema hewa kavu. Anateremshwa, na safari aliyoiwekea akiba miaka imeishia hapo. Hakuna atakayemkumbuka muosha vyombo, lakini mlolongo ulianzia kwenye sinki lake.

Sasa turudi kwenye upagazi. Kilimanjaro kuna kanuni inayojulikana: mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani iko getini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Sufuria ya lita 40 iliyojaa supu ni kilo 40 kabla hujahesabu uzito wa sufuria yenyewe, yaani zaidi ya mara mbili ya mzigo unaoruhusiwa mlimani, tena ya moto, tena sakafu imelowa. Na bado nimesikia mara nyingi sauti ikitoka upande wa majiko, "We dogo, hebu toa hiyo sufuria hapo!" Dogo anaitoa peke yake, kwa sababu ameanza kazi Jumatatu na hataki kuonekana mvivu. Migongo mingi imeharibikia hapo. Sufuria kubwa hubebwa na watu wawili, au hupunguzwa kwanza kwa kuteka. Kumwambia shefu "naomba mtu wa kunisaidia" si utovu wa adabu, na shefu mwenye akili hukasirikia supu iliyomwagika kuliko ombi hilo.

Kisu nacho. Chini ya kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto lipo kovu la sentimita nne. Nililipata kwenye lodge moja, saa nne usiku, nilipoingiza mkono kwenye maji ya povu ambamo mtu alikuwa ametumbukiza kisu cha nyama bila kusema. Maji yalibadilika rangi kabla sijasikia maumivu. Tangu siku hiyo sijawahi kuruhusu kisu kiingie kwenye sinki lenye maji. Kisu kinakaa pembeni, mahali kinapoonekana, kinaoshwa kimoja kimoja mkononi na kurudishwa kwa mwenyewe. Glasi iliyovunjika ndani ya maji haipapaswi: toa maji yote kwanza, ndipo uokote.

Kuhusu dawa, kanuni ni fupi na haina mjadala. Klorini haichanganywi na kitu kingine zaidi ya maji. Ukiikutanisha na dawa ya kutoa magamba ya maji au tindikali yoyote, inatoa gesi yenye sumu inayochoma mapafu, na vyumba vya kuoshea vyombo vingi ni vidogo, vina dirisha moja. Ukisikia harufu kali ya ghafla, toka nje, waite na wenzako, usirudi kumwaga. Pia usihifadhi dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kama umeandika kwa kalamu, kwa sababu maandishi hufutika na mwenzako wa zamu ya usiku ana kiu.

Ukiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na ute wa yai haviwekwi kwenye jeraha la moto.

Nije kwenye haki, sehemu inayoniumiza zaidi. Wengi wanaofanya kazi hii huanza kama deiwaka, mtu wa kulipwa kwa siku, na miezi sita baadaye bado ni deiwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimsahau kwa sababu yuko nyuma ya mlango wa jiko. Mwajiri anatakiwa kumpa kwa maandishi maelezo ya ajira yake: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukizidisha, saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na hata pamoja na ziada siku moja haivuki saa 12. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Saa zilizoangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5. Ni nyongeza ndogo, lakini muosha vyombo ndiye anayefunga jiko, na ni haki yake.

Glavu, aproni na mabuti yasiyoteleza ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Havikatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia kazini toa taarifa siku hiyohiyo na hakikisha imeandikwa, kwa sababu WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, huchangiwa na mwajiri peke yake na upo kwa ajili ya ajali kama hizo. Ukiachishwa kazi bila haki, una siku 30 za kufungua lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Arusha na Moshi. Siku hizo huisha mtu akiwa bado anambembeleza meneja kwa simu. Chama cha wafanyakazi wa hoteli na hifadhi, CHODAWU, kinaweza kukusindikiza.

Na bakshishi! Lodge nyingi zina sanduku la pamoja mapokezi. Kabla hujasaini chochote, uliza kwa heshima kama linagawiwa mpaka jikoni, na kwa utaratibu gani. Naamini kabisa kwamba mgeni anayetumbukiza noti pale anamshukuru kila aliyemfikishia sahani, na wa kwanza kwenye orodha hiyo ni aliyeiosha.

Jambo moja dogo la makombo, kwa sababu Moshi na vijiji vyake wafugaji wa nguruwe wanayafuata sana kwenye milango ya nyuma ya hoteli. Makombo yenye nyama ya nguruwe yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa unaomaliza banda zima na usio na tiba. Anayeyachukua ayachemshe vizuri kabla ya kulisha. Mwambie unapomkabidhi ndoo.

Kwa mwenye kutaka kusonga mbele, njia ipo. Chuo cha Hoteli na Utalii cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kiko Njiro, na Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi hapa Arusha. Aliyejifunzia kazini miaka mingi bila cheti aulize VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi: unapimwa kwa unachokijua, na palipopungua unaongezewa. Wapishi wengi niliofanya nao kazi walianzia sinki, na kinachowatambulisha ni namna wanavyopika huku wakisafisha.

Siku ya usaili usishangae shefu akikuambia uvue koti, akakupeleka nyuma na kukuonyesha sufuria iliyoungua. Nawa mikono kwanza, na unawe sekunde 20 akiwa anakuona. Halafu, kabla hujagusa sabuni, muulize sufuria hiyo ni alumini au stenlesi, na ilipikiwa nini.