Kihisi hakipimi jiji limetoa hewa ukaa kiasi gani

"Usiku kihisi kimesoma 450, mchana 425. Kwa hiyo jiji letu linachafua zaidi usiku?" Hapana! Swali hili naletewa karibu kila mradi wa kupima hewa ukaa ya jiji unapoanza, na safari hii nalijibu kwa kirefu kwa sababu kuna watu wanaopanga sera kwa kosa hilo.

Kihisi hupima mkusanyiko, yaani molekuli ngapi za hewa ukaa zimo katika kila molekuli milioni za hewa kavu. Utoaji ni tani zinazotoka kwa saa au kwa mwaka. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna upepo, na kuna kimo cha tabaka la hewa linalochanganyika. Usiku mtulivu ardhi hupoa, tabaka hilo hushuka hadi mita mia moja hivi au chini yake, na kinachotoka hubanwa humo pamoja na pumzi ya mimea na udongo. Adhuhuri jua huliinua hadi kilomita moja au zaidi, na mimea inafyonza. Barabara zimejaa magari, lakini namba imeshuka. Kijiko kile kile cha chumvi, kwenye kikombe na kwenye ndoo.

Tena sehemu kubwa ya hiyo 425 si ya jiji lenu. Ni ya dunia nzima: takriban 280 ilikuwemo angani kiasili kabla ya viwanda, na iliyobaki imejikusanya tangu enzi za viwanda vya kwanza. Mchango wa jiji mara nyingi ni sehemu chache kwa milioni, pengine makumi, juu ya hapo. Ndiyo maana nasisitiza, hata kama nachosha: kabla ya kununua vihisi vingine kumi, wekeni kituo kimoja nje ya jiji upande upepo unakotokea, na mnunue mitungi ya gesi ya kusahihishia vihisi. Kisha modeli ya kompyuta ichukue makadirio ya utoaji, iyasafirishe kwa upepo wa siku ile, ilinganishe na vipimo na kuyarekebisha. Tumieni zaidi vipimo vya alasiri, hewa ikiwa imechanganyika vizuri.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Hakuna moshi, hakuna hewa ukaa." Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Mtambo wa gesi asilia hutoa tani nyingi bila wingu jeusi.

"Setilaiti zinatosha." OCO-2, setilaiti ya NASA ya kupima hewa ukaa iliyorushwa 2014, huona ukanda wa takriban kilomita 10 tu inapopita, na mawingu huizuia kabisa.

"Mwaka 2020 magari yalisimama, mbona hewa ukaa iliendelea kupanda?" Utoaji wa dunia ulipungua kwa takriban asilimia 5. Zile 95 zilizobaki ziliendelea kuongezwa angani.

"Haiwezekani kutofautisha ya magari na ya miti." Inawezekana. Mafuta ya kisukuku yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, na kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi iliyomo hewani na kwenye miti hai, hupungua kwa nusu kila miaka 5,730, kwa hiyo mafuta hayo hayana hata chembe yake. Chupa ya hewa ikipelekwa maabara, upungufu wa kaboni-14 unaonyesha kiasi kilichotoka kwenye mafuta.