Namba za HP-12C zinasomeka: dhana potofu na ukweli

Dhana: Programu ya kikokotoo cha zamani ni namba tupu, haisomeki.

Hii ndiyo inayowakimbiza wengi, na haina msingi. HP-12C, kikokotoo cha hesabu za fedha cha kampuni ya Hewlett-Packard, ilitoka mwaka 1981, na kioo chake hakiandiki majina ya vitufe. Badala yake kila hatua huonyesha mahali kitufe kilipo: tarakimu ya kwanza ni mstari kutoka juu, ya pili ni nafasi kuanzia kushoto, na nafasi ya kumi huandikwa 0. Vitufe vya tarakimu tu ndivyo huandikwa kama vilivyo.

Tazama programu ya kuongeza kodi ya asilimia 18: 36, 1, 8, 25, 40. Ya kwanza ni ENTER, kitufe kirefu cha kutenganisha namba mbili, kinachohesabiwa mstari wa tatu. Zinafuata 1 na 8, kisha % (mstari wa pili, nafasi ya tano), halafu + mwishoni mwa mstari wa nne. Hiyo 25 si ishirini na tano, maana ishirini na tano ingechukua hatua mbili.

Dhana: Ikitoa jibu sahihi mara moja, ni nzima.

Kwa programu hiyo fupi, 1,000 ikizaa 1,180 unaweza kuridhika. Ikiwa na sharti, hapana. Ukikuta 43 34, yaani g (kitufe cha kuita kazi ya pili ya kitufe kingine) kisha x≤y (x ni namba iliyo kwenye kioo, y ni iliyoitangulia), kumbuka: sharti likitimia, hatua inayofuata hutekelezwa, lisipotimia, hurukwa. Wengi hukariri kinyume. Jaribu x iliyo ndogo kuliko y, iliyo kubwa, na iliyo sawa nayo kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo hufichua makosa mengi.

Kisha pita na SST, kitufe cha kwenda hatua moja moja, ukiwa nje ya hali ya kuandika programu. Ukiishikilia unaona hatua, ukiiachia hatua inatekelezwa na jibu linatokea. Andika kila jibu kwa penseli kando ya hatua yake. Sijaona ukaguzi unaoshinda huu.

Dhana: Hatua iliyosahaulika huchomekwa katikati.

Mpya hufuta iliyokuwapo. Na kwa kuwa GTO, amri ya kuruka kwenda hatua nyingine, hutaja namba ya hatua, ukiandika upya sehemu yoyote, kagua kila GTO.

Dhana: Kinachoonekana ndicho kilichohifadhiwa.

Kuchagua desimali mbili hubadili mwonekano tu. Ndani zimo tarakimu 10. Ndiyo maana jumla huweza kupishana kwa senti na ile ya karatasini. Ukitaka thamani yenyewe ikadiriwe, weka RND, amri ya kukadiria kwa desimali zinazoonekana, ndani ya programu.