Je, mbwa wako anaziona nyota mnazozitazama?

Umeme ulikatika jioni moja ya Novemba, tukatoa mkeka uani, jiko la mkaa likasogezwa, mishikaki ikaanza kuchuruzika mafuta juu ya makaa. Dodoma ikiwa gizani, mbingu hushuka karibu. Kilimia kilikuwa kimeshapanda mashariki, na bibi alikuwa akiwaonyesha wajukuu kwa kidole. Mbwa wetu Simba alijilaza miguuni pake, kidevu juu ya kandambili. Kisha akainua kichwa, akatazama juu, akatulia hivyo kwa muda. Binti yangu wa miaka saba akauliza, "Baba, Simba naye anaziona nyota?"

Nilimjibu bila kusita kwamba anaziona kuliko sisi. Mara ngapi nimemmulika kwa tochi nikakuta macho yanawaka kijani? Niliamini kuwa jicho linalowaka usiku ni jicho lisilofichwa kitu. Nilimpa mtoto jibu la makosa, na makosa yenyewe wanayo watu wengi, kwa hiyo tuanze nayo.

Macho ya mbwa hayawaki. Hayatoi mwanga wowote. Mfungie mbwa ndani ya ghala lisilo na tundu hata moja, macho yake hayatang'aa, na mwenyewe hataona kitu, sawasawa na wewe. Kinachong'aa ni mwanga wa tochi yako unaokurudia. Ndiyo maana aliyesimama pembeni yako, mbali na tochi, mara nyingi hauoni mng'ao unaouona wewe.

Unarudishwa na nini? Nyuma ya jicho kuna retina, utando wenye chembe za kunasa mwanga. Kwetu sisi, mwanga ukipenya hapo bila kunaswa, umepotea, unamezwa na weusi ulioko nyuma. Mbwa ana tabaka moja zaidi nyuma ya retina, linalometameta kama kioo, wataalamu wanaliita tapetamu.

Fikiria wavuvi wawili wa perege mtoni. Mmoja ametega wavu, nyuma yake maji yamefunguka. Samaki akipenya, kaenda zake. Wa pili ametega wavu wake mbele ya ukuta wa mawe. Samaki akipenya, anaukuta ukuta, anageuka, na wakati wa kurudi inambidi apite tena kwenye wavu uleule. Huyu wa pili anakamata wengi zaidi katika mto wenye samaki wachache. Mwanga wa nyota ni mto wenye samaki wachache, na mbwa ndiye mvuvi wa pili. Ule mng'ao wa kijani unaouona ni wale waliopenya wavu mara mbili, wakatoka nje kupitia mboni walikoingilia. Ongeza hapo mboni pana na wingi wa chembe zinazofanya kazi gizani, utaelewa kwa nini Simba hajikwai kwenye ndoo ninayojikwaa mimi.

Lakini ukuta una gharama. Samaki aliyegonga mawe harudi kwa njia ileile hasa, husogea kidogo kando. Mwanga nao hutawanyika ukirudi, na picha hupoteza makali. Hata mchana mbwa haoni kwa makali yetu: kitu ambacho mtu mwenye macho mazima anakipambanua akiwa mita 23, mbwa wa kawaida hukadiriwa kuhitaji kusogea hadi mita 6 hivi. Kwa nyota, ambayo kwetu ni ncha ya sindano, hilo si jambo dogo.

Na kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Tapetamu haifuniki nyuma yote ya jicho. Imekaa nusu ya juu. Ili uone maana yake, kaa mchana ndani ya chumba chenye giza ambacho dirisha lake la mbao limetoboka kitundu. Ukutani mkabala na kitundu utawaona wapita njia wakiwa kichwa chini miguu juu, na mbingu imekaa sakafuni. Jicho nalo ni chumba cha namna hiyo. Picha ya ardhi huangukia nusu ya juu, yenye kioo, na picha ya mbingu huangukia nusu ya chini, isiyo nacho. Kwa maneno mengine, kioo cha usiku cha mbwa kimeelekezwa chini, kwenye nyasi, kwenye nyayo, kwenye kitu kinachonyemelea. Mbingu kimeiacha.

Je, basi haoni nyota kabisa? Hapo inabidi kusema kwa uangalifu, kwa sababu tunakisia kutokana na umbo la jicho. Mwezi anauona, na nyota kali, au sayari kama Zuhura, huenda anaiona kama doa. Vumbi lile la nyota ndogondogo yaelekea halipo kwake. Viumbe wengine wanalitumia: mwaka 2013 mtafiti Marie Dacke na wenzake walionyesha, kwa majaribio ya Afrika Kusini, kwamba mbawakawa anayeviringisha mavi hunyoosha njia yake kwa kufuata ule mkanda mweupe wa nyota unaokata anga. Mdudu wa kwenye samadi anaisoma mbingu, na rafiki yetu aliyelala mkekani haihitaji.

Rangi nitazipita haraka. Mbwa haoni nyeusi na nyeupe tu. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha ana aina mbili za chembe za rangi, sisi tuna tatu, kwa hiyo bluu na njano anazipambanua. Makaa yetu mekundu kwake yaelekea ni ya njano iliyofifia.

Usiku wa Simba uko kwingine. Uko kwenye mafuta yanayodondoka jikoni, kwenye jasho la kila mtoto, na kwenye nyuso zetu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walipima mbwa 30 na wenye mbwa hao, wakaona kwamba waliotazamana kwa muda mrefu walipandisha oksitosini, homoni ileile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto mchanga, pande zote mbili. Ni utafiti mdogo, na sehemu ya matokeo ilijitokeza kwa mbwa jike tu, kwa hiyo nisingeuita ushahidi wa mwisho kuhusu furaha ya mbwa. Lakini nikimwona anavyohamisha macho kutoka kwa bibi kwenda kwa mtoto kila kicheko kinapopasuka, najua anatazama nini.

Sasa kwa nini aliinua kichwa? Mbwa husikia sauti nyembamba hadi kama mizunguko 45,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000. Popo wadogo wanaokula wadudu hupiga kelele nyingi kati ya hapo.

Umeme ulipokatika tena juzi nilimrudia binti yangu na jibu jipya, tukalala chali tukimchungulia Simba. Sikio lake la kushoto likageuka kwanza, polepole, kutoka kwenye mwarobaini kuelekea paa la jirani. Kisha juu yetu nyota moja ikazimika, ikawaka, na ya pembeni yake ikazimika, ikawaka.