Uvimbe kwenye korodani: je, lazima korodani itolewe?

Nimeambiwa nina uvimbe mgumu ndani ya korodani. Ndiyo saratani hiyo?

Bado haijulikani, ila tusidanganyane: uvimbe mgumu unaopapasika ndani ya korodani yenyewe mara nyingi huwa saratani, kwa hiyo usikae nao nyumbani. Hali ni tofauti kwa uvimbe mdogo usiofika sentimita 2, usiopapasika, ulioonekana kwenye ultrasaundi tu. Wa namna hiyo mara nyingi si saratani, hasa vipimo vya damu vya AFP, beta-hCG na LDH (vitu ambavyo saratani ya korodani inaweza kuvipandisha kwenye damu) vikiwa vya kawaida. Busha ni jambo jingine, ni maji yanayoizunguka korodani. Lakini hata mwenye busha apigwe ultrasaundi, kwa kuwa maji yanaweza kuficha uvimbe.

Kama si saratani, ni nini?

Kuna uvimbe wa seli za Leydig, zile zinazotengeneza homoni ya kiume. Wengi wake hauna madhara, ingawa wachache hugeuka kuwa wabaya. Kuna kifuko cha epidemoidi, yaani kifuko chenye utando kama wa ngozi, ambacho kwenye ultrasaundi huonyesha duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Kifua kikuu nacho hushambulia sehemu hizi, na hata mayai ya kichocho yamewahi kukutwa humo.

Si wachome sindano tu wachukue kinyama?

Hapana, na hili naomba lieleweke vizuri. Limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayoweza kubeba seli za saratani, ikitoka kwenye korodani hupanda hadi kwenye tezi zilizo ndani ya tumbo, karibu na mshipa mkuu wa damu. Limfu ya ngozi ya mfuko wa korodani huelekea kwenye tezi za kinena. Ukipitisha sindano au kisu kwenye mfuko, unaweza kuifungulia saratani njia ambayo haikuwa nayo. Ndiyo maana mpasuaji hupitia kinena.

Basi ukweli hujulikanaje?

Mgonjwa akiwa tayari amelazwa nusukaputi, daktari hupasua kinena, hubana kamba inayobeba mishipa ya damu ya korodani, kisha huivuta korodani itoke juu. Wengine huizungushia barafu ili isiumie wakati damu imezuiwa. Uvimbe usiopapasika hutafutwa kwa ultrasaundi palepale mezani. Ukipatikana, hukatwa pamoja na ukingo mdogo wa nyama isiyo na uvimbe na kupelekwa maabara ukiwa mbichi, bila fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama. Huko hugandishwa kwenye mashine yenye baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Majibu hurudi chumba cha upasuaji baada ya nusu saa hivi.

Kama si saratani, korodani hushonwa na kurudishwa mahali pake. Kama ni saratani, huondolewa yote kupitia jeraha lilelile, bila kumrudisha mgonjwa mezani siku nyingine.

Kipimo hicho hukosea?

Mara chache. Kutofautisha saratani na kisicho saratani hukiweza vizuri. Kutaja aina kamili ni kugumu zaidi. Kwa hiyo nyama iliyobaki huandaliwa kwa njia ya kawaida, na ripoti ya mwisho hutoka baada ya siku kadhaa. Daktari akuambie kabla ya upasuaji kwamba ripoti hiyo ikionyesha saratani, huenda ukafanyiwa upasuaji wa pili.

Nimuulize nini daktari kabla ya kusaini?

Muulize kama hospitali ina mashine ya kugandisha na mtaalamu wa patholojia (daktari anayesoma nyama kwa hadubini) atakayekuwepo siku hiyo, maana hospitali nyingi hazina. Kama hakuna, na uvimbe wako ni mdogo na vipimo vya damu ni vya kawaida, omba rufaa kwenda kwenye huduma hiyo. Kwa mwenye korodani moja tu, au mwenye uvimbe pande zote mbili, swali hili ni la lazima kabisa: likipuuzwa anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa na homoni zake kwa uvimbe usio na madhara. Uliza pia kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya upasuaji. Korodani ikibakizwa, utaendelea kupigwa ultrasaundi kwa tarehe utakazopangiwa.